Hodi ya Garimoshi

Hapo zamani, siku ambazo garimoshi lilikuwa bado jambo la kusimuliwa na mabaharia, alikuwako hamali mmoja katika nchi ya Wangani, jina lake Vuai. Mali yake yote ilikuwa kata ya kichwani na ulimi, na ulimi ulimtia taabuni kuliko mizigo. Alikaa Mtondooni, kitongoji cha nje ya mji, pamoja na mkewe Bi Mize, ambaye kila alfajiri alijitwika chano cha vitumbua akaenda sokoni kwa miguu, mwendo wa saa mbili. Vitumbua vilifika vimepoa, na magoti ya Bi Mize yalikuwa yamekwisha. Vuai ndiye aliyeyasugua kwa mafuta kila jioni, na jambo hilo lilimuuma sana.

Basi ikawa Sultani Badrani ameazimia kujenga reli kutoka mashambani mwake hadi gatini, ili karafuu na mbata zisafiri kwa raha. Waziri akachora ramani. Njia ikakwepa shamba la kadhi, ikakwepa shamba la waziri mwenyewe, ikalizunguka shamba la mjomba wa waziri, na ilipokwisha kuwakwepa wakubwa wote ikanyooka, ikapita katikati ya ua wa Vuai, baina ya jiko na kisima. Kituo hakikuwekwa. Sultani alipoulizwa habari za watu, alijibu kwamba karafuu hazina miguu, watu wanayo.

Reli ilipokwisha kujengwa, Vuai akaenda barazani, akapiga goti, akaomba garimoshi lisimame Mtondooni japo kwa muda wa kumeza mate. Baraza zima likacheka. Sultani, aliyependa mzaha ilimradi uwe wake, akasema:

"Ewe hamali, Ijumaa ijayo nitalipanda garimoshi mwenyewe kwa mara ya kwanza. Likisimama kwenu, pasi na wewe kuziba njia wala kumwambia dereva neno, na amri ya kusimama ikitoka kinywani mwangu mimi, mtapata kituo. Lisiposimama, utalichochea makaa maisha yako yote bila ujira."

"Nimeridhia, maulana. Ila naomba ruhusa ya kuusitiri ua wangu kwa makuti."

Sultani akaona ombi dogo, akampa. Bi Mize aliposikia masharti hayo akaketi chini pale pale. Akamwambia mumewe kwamba afadhali magoti yake yeye kuliko maisha ya mumewe. Vuai akamwomba amwazime mbuzi yake ya kukunia nazi, na siku ya Ijumaa asiwe na haraka.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo wakubwa walikuwa wamelisahau. Miaka mitatu nyuma mtoza ushuru alikatiza uani kwa mama yake Sultani, akamkuta bibi amejifunga kanga moja anafua. Sultani akaghadhibika, akatoa sheria, ikapigiwa mbiu nchi nzima: yeyote apitaye ua wa mtu, kwa miguu, kwa punda au kwa chochote kiendacho, asimame ukingoni, apige hodi mara tatu, na asipokaribishwa arudi alikotoka. Atakayevunja, hata akiwa Sultani, atamkunia mwenye nyumba nazi mpaka jua lizame. Mtoza ushuru alikuna, na mji mzima ulikwenda kumtazama.

Ijumaa ikafika. Garimoshi likaja likifoka moshi, Sultani yu dirishani, kadhi ubavuni pake, nyuma yao magunia ya karafuu yanayongojewa na meli. Akauona ua mpya wa makuti, umeachwa wazi kiasi cha garimoshi kupenya. Vuai ameketi pembeni, kimya. Kando ya reli, mbuzi imefunguliwa, nazi arobaini zimefuliwa, na juu ya kiti cha mbuzi umetandikwa mkeka mdogo mzuri, wa kukaliwa na mtu mkubwa.

Sultani akacheka. Kisha akautazama ule mkeka tena, asicheke. Akamgeukia kadhi, na kadhi akajifanya anatazama ndege upande wa pili.

"Simamisha," akasema Sultani. "Simamisha upesi."

Likasimama dhiraa moja tu kabla ya ua. Dereva akapiga filimbi iwe ndiyo hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Hapo kadhi akanong'ona kwamba ikipita ya tatu bila jibu, sheria inawarudisha shambani, karafuu na wote. Basi Sultani akatoa kichwa nje, akaipiga ya tatu kwa kinywa chake.

"Hodi, wenyewe."

"Nani?" akauliza Bi Mize kutoka jikoni.

"Mimi, Badrani."

"Karibu, mwanangu. Ngoja nijifunge vizuri."

Akajifunga, taratibu. Akatoka na chano cha vitumbua, na nyuma yake Mtondooni nzima, huyu na matenga ya muhogo, huyu na maziwa. Akamwambia Sultani kwamba kama wanaelekea mjini, basi na wao wanakwenda huko huko, akapanda juu ya magunia bila kungoja jibu. Sultani akapewa kitumbua, kikamwunguza vidole, akacheka hata kilemba kikaanguka.

Kituo kikajengwa. Mabehewa ya watu yakaongezwa, na garimoshi la mizigo likawekewa saa zake. Vuai alipoulizwa ataka zawadi gani, aliomba kitu kimoja: ile mbuzi ikae kituoni daima, na mkeka wake, mahali ambapo mwenye kupita ataiona. Tangu siku hiyo hakuna garimoshi lililosahau kusimama Mtondooni, na Bi Mize akawa anafika sokoni vitumbua vingali moto.

Reli ya hadithi yangu imeishia hapa. Mwenye mzigo na ateremshe.