Mrithi wa Meza ya Mbonea

Sogeeni karibu, na mpenda ubishi akae mbele, maana leo nimebeba kisa ambacho jawabu lake sinalo. Nimekizungusha kichwani hadi nimechoka nacho. Nikishakimwaga hapa, mzigo utakuwa wenu.

Palikuwa na watu watatu katika mji wa Same, chini ya milima ya Upare, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Nakunda, msusi wa nywele, na kipaji chake kilikuwa kubuni. Ukimuuliza nyuma ya mlima ule kuna nini, hakwambii hajui. Atakwambia kuna kijiji, na kijiji kina mwenyekiti, na mwenyekiti ana jino la dhahabu na hasemezani na mkwewe. Yote hayo keshayatunga kabla hajamaliza kukufunga uzi wa msuko unaofuata.

Wa pili aliitwa Senzighe, mpimaji katika ghala la tangawizi, na kipaji chake kilikuwa haki. Mizani yake haikumjua shemeji wala jirani. Siku moja mama yake mzazi alimletea gunia lenye jiwe ndani. Senzighe alilitoa jiwe, akamkabidhi mama yake mkononi, ndipo akamwamkia shikamoo.

Wa tatu aliitwa Niwaeli, mpokea wageni katika nyumba ya kulala wageni, na kipaji chake kilikuwa kuwaona watu. Mgeni akiingia, kabla hajatua begi, Niwaeli ameshajua kama anataka chumba, anataka chai, au anataka tu mtu wa kumpa pole ya safari.

Sasa, hawa watatu walikutanishwa na mchezo, na mchezo wenyewe niuelezee, kwa sababu wapo humu ambao hawajauona. Watu wanaketi kuizunguka meza. Kila mmoja anajichagulia mhusika, huyu shujaa, yule mganga, yule mwizi mwenye huruma. Mtu mmoja tu hana mhusika, naye ndiye mwendesha mchezo. Yeye ndiye dunia nzima: ni mvua, ni mfalme, ni mbwa anayebweka nyuma ya ua. Anawaeleza wenzake wanachokiona, kisha anawauliza watafanya nini. Wakijaribu jambo la mashaka, inarushwa dadu ya pande ishirini, na dadu ndiyo inayoamua.

Mwendesha mchezo wa meza ile alikuwa Mbonea, MC wa harusi, mtu ambaye sauti yake iliwahi kuvuka barabara kuu bila kipaza sauti. Kila Jumamosi mchana alikuwa nyuma ya duka la vipuri la Mgonja, kwenye meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, akiwapeleka wachezaji wake katika nchi aliyoitunga mwenyewe. Aliipenda nchi ile. Hakuwa na mtoto, na aliyemtania kwamba nchi ile ndiyo mtoto wake hakuwa amekosea sana.

Basi koo likaanza kumuuma Mbonea. Kwanza alisema ni vumbi, kisha akasema ni maji ya baridi. Alipokwenda hospitali, daktari akaona uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Atapasuliwa Jumatatu, Moshi. Sauti huenda ikarudi, huenda isirudi, na hata ikirudi atakaa kimya miezi mingi. Kwa sasa asiseme ila ikibidi.

Mbonea alirudi nyumbani akaketi kitandani, akaogopa sana. Cha ajabu, hakuogopa kisu. Aliogopa kwamba Jumamosi moja watu watafika kwenye ile meza, watatazamana, watazungumza habari za mpira, kisha wataacha kuja. Vikundi hufa hivyo, bila ugomvi. Akaapa kwamba meza yake haitakufa kwa sababu ya koo lake. Jumamosi hiyo angewamalizia hadithi waliyoianza, kisha angemkabidhi mmoja wao mfuko wa dadu, na kiti pamoja nao.

Nasema mmoja, na hapo ndipo penye ugumu. Meza ile ilikuwa na sheria yake: nchi moja, sauti moja. Waliwahi kujaribu waendeshaji wawili wa kupokezana. Chifu wa mji wa chumvi akafa Jumamosi ya kwanza, akazikwa na watu wakalia, na Jumamosi ya pili yule chifu akaonekana kwenye harusi akicheza kwaito. Tangu siku ile walikubaliana kwamba fahali wawili hawakai zizi moja.

Jumamosi ikafika. Wachezaji walikuwa watano: hao watatu, na Mgonja mwenye duka, na Tumsifu, binti mshonaji aliyekuwa mkimya kiasi kwamba ukihesabu watu unaweza kumsahau.

Hadithi ilikuwa imefika pazuri. Katika nchi ya Mbonea joka lilikuwa limelala juu ya ndiva. Ndiva mnaijua nyie wa milimani: ni lile bwawa la wazee ambalo maji hukusanywa, kisha huzibuliwa na kuteremshwa kwa mifereji, kila shamba na zamu yake. Joka limelala juu yake, maji hayashuki, na bondeni watu wanakufa kwa kiu. Mashujaa wamefika kwenye lango.

Hapa Mbonea alifanya kosa, na ni kosa ambalo angelifanya MC tu. Aliupanga mwisho kama anavyopanga harusi. Kwanza lango, kisha walinzi, kisha joka litatoa hotuba, kisha pambano, kisha shangwe. Ratiba ilikuwa imekamilika na kila mtu ana nafasi yake ya kuingia. Tatizo ni kwamba mchezo huu hauna ratiba, na Mbonea aliyajua hayo siku zote. Siku hiyo hofu ilimsahaulisha.

Mgonja akasema shujaa wake haingii langoni. Amechoka na malango. Atateremka mfereji mkavu uliopo pembeni akaone unakotokea. Mbonea akamwambia mfereji umeporomoka. Mgonja akasema ataufukua. Mbonea akasema kuna nyoka. Mgonja akasema mhusika wake anauza dawa ya nyoka, imeandikwa kwenye karatasi yake. Mbonea akapandisha sauti, kama anavyowapandishia wageni wasiotaka kukaa, akaamuru waingie langoni, na katikati ya neno lango sauti ikakatika. Alifungua tena mdomo, hewa tu ndiyo ikatoka.

Mgonja aliikunja karatasi ya mhusika wake taratibu, akasema basi, tuhesabu imeishia hapa, MC akapumzike. Tumsifu naye akaanza kukusanya vitu vyake. Mbonea alitazama mikono yao ikikunja karatasi, na aliumia kuliko alivyoumia koo.

Nakunda ndiye aliyezuia. Hakuomba ruhusa. Alimgeukia Mgonja kama anayeendelea na mazungumzo yaleyale, akamwambia hivi:

"Unateremka mfereji. Kweli umeporomoka, lakini kuna upenyo wa mtu mmoja. Ndani kuna bibi anaosha miguu ya mbuzi kwa maji ya kibuyu. Hakuogopi. Anakuuliza wewe ni wa ukoo gani. Unafanya nini?"

Mgonja akaikunjua karatasi. Mahali ambapo Mbonea hakuwa na kitu, Nakunda aliweka bibi, na bibi alikuwa na mbuzi, na mbuzi alikuwa na jina, na bibi ndiye aliyekuwa mlinzi wa ndiva kabla joka halijaja, na alijua kizibo kiko wapi na kinazibuliwaje. Nakunda hakuua hata neno moja la Mbonea. Lango lilibaki palepale na joka palepale, ila sasa palikuwa na njia ya pili. Kama si Nakunda, mchezo ungekufa pale.

Senzighe ndiye aliyefuata. Mgonja, kwa furaha, alitaka bibi amwonyeshe kizibo hivihivi, kwa maneno matamu. Senzighe akaichukua dadu akaiweka katikati ya meza, mbele ya macho ya wote.

"Kaka Mgonja, tukubaliane kabla hujarusha," alisema. "Kumi na mbili kwenda juu, bibi anakuamini na anawaambia wote siri ya kizibo. Chini ya hapo anawaambia, lakini anapiga yowe kwanza, na joka linaamka liko juu yako. Unakubali?"

Mgonja akakubali, akarusha, ikaja nne. Na yule shujaa alikuwa naye miaka mitatu! Wote wakasema arudie, ni siku ya kuaga. Mbonea mwenyewe alipunga mkono, akimaanisha samehe. Senzighe akakataa. Alikuwa amebadilika rangi, maana na yeye alimpenda yule shujaa, lakini alisema walikubaliana. Joka likaamka, shujaa wa Mgonja akafa mferejini akiwa amemfunika bibi kwa ngao. Hapo kila mtu mezani akaketi wima, kwa sababu sasa waliamini kwamba wanaweza kushindwa. Kama si Senzighe, kilichobaki kingekuwa mzaha wa kumfurahisha mgonjwa.

Niwaeli ndiye aliyemalizia. Joka limeamka, watu wanapiga kelele, huyu anataka mishale, yule anataka kukimbia, Mgonja aliyekufa anatoa ushauri kuliko walio hai. Niwaeli hakutazama joka. Alikuwa akimtazama Tumsifu, ambaye alikuwa amefungua mdomo mara kadhaa na kuufunga. Akanyoosha kiganja juu ya meza mpaka wote wakanyamaza, kisha akauliza kwa upole:

"Tumsifu, mdogo wangu, mhusika wako yuko wapi saa hizi?"

Tumsifu akasema yuko juu, kwenye ukingo wa ndiva. Akasema yuko pale tangu Jumamosi iliyopita, hakuna aliyemuuliza. Na tangu bibi aliposema habari za kizibo, yeye ameshakishika. Joka limeinuka kumfuata Mgonja, kwa hiyo bwawa liko wazi. Anazibua.

Senzighe akataja namba, Tumsifu akarusha, dadu ikasimama kwenye kumi na nane. Maji yakashuka. Yalishuka na joka na lango na walinzi, yakapita mifereji yote bila kungoja zamu ya mtu, mpaka bondeni. Tumsifu aliyasimulia hayo mwenyewe, kwa mara ya kwanza sauti yake ikijaa chumba, na alipomaliza alikuwa analia na kucheka. Baadaye alikiri kwamba alikuja siku ile kuaga asirudi tena. Kama si Niwaeli, angeondoka na ule mwisho moyoni, na wenzake wasingejua kamwe kwamba walikuwa nao.

Hadithi ikaisha. Mbonea akautoa mfuko wa dadu, akausimamisha juu ya meza, na wote wakaelewa maana yake. Hao watatu kila mmoja alikitaka kiti, na hakuna aliyejifanya hakitaki. Nakunda alisema mwendeshaji asiye na kitu cha kuwapa watu wanapoacha njia yake atawachapa viboko warudi, na wataondoka. Senzighe alisema nchi isiyo na haki ni uongo mtupu, na mtu mzima hawezi kuja kila Jumamosi kudanganywa. Niwaeli alisema nchi na haki ni vya nani, ikiwa walioketi pale hawaonekani?

Mbonea akamtazama Mgonja, ambaye shujaa wake alikuwa bado hajapoa. Mgonja akakuna kidevu.

"Mimi nampa aliyeniua," alisema. "Angenihurumia, nisingemwamini tena."

Akamtazama Tumsifu. Tumsifu hakufikiri sana.

"Mimi nampa aliyeniuliza," alisema.

Kura moja kwa Senzighe, moja kwa Niwaeli. Na moyo wa Mbonea, niwaambie ukweli, ulikuwa kwa Nakunda, kwa sababu sauti yake ilipokatika ni Nakunda aliyeipokea nchi yake kabla haijagusa ardhi, na hakuibadilisha hata jina la mto. Lakini alijiuliza kama moyo wa mwenye nchi unafaa kuhukumu, au kama anamchagua anayefanana naye. Ni yeye mwenyewe, mbunifu mkubwa, aliyewaburuta watu kwenye lango. Ni yeye aliyepunga mkono dadu isihesabiwe. Na ni yeye ambaye kwa wiki nzima hakumuuliza Tumsifu yuko wapi.

Akainuka na mfuko mkononi. Alikuwa ameazimia, na hakuna ambaye angemzuia: kabla hajatoka mlangoni, Jumamosi ijayo lazima iwe na mwenyewe. Akalisafisha koo. Sauti iliyobaki, alikadiria, ingetosha jina moja. Wakainama kumsikiliza, wote watano.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini hawakusema wakicheza watatu, na tuzo ni moja, na haigawanyiki. Mmoja aliipa meza njia, mmoja akaipa ukweli, mmoja akampa aliyesahaulika nafasi yake. Mtoe yeyote kati yao, maji hayafiki bondeni.

Mfuko uko mkononi mwako sasa, na watu wanangoja. Je, wewe ungeamua vipi? Ungelitaja jina la nani?