Kwa Nini Baiskeli za Mwamalole Huazimwa Bila Kiti

Zamani, hapa Mwamalole, aliyekuja kuazima baiskeli alipewa nzima, na kiti chake juu, kama jembe linavyotolewa na mpini wake. Hakuna aliyeona ajabu.

Siku desturi hiyo ilipokwisha, Milembe alikuwa uani anakata viazi vya kuanika michembe. Jirani aliyetoka upande wa shuleni akamwita kutoka njiani.

"Mama Limi! Limi kalala sakafuni darasani, homa imempanda. Mwalimu anasema afikishwe zahanati kabla haijafungwa."

Shule ilikuwa ng'ambo ya mbuga, na zahanati mbele yake. Kwa miguu asingewahi. Baiskeli yake ilikuwa kwa shemeji yake Jidayi, mtengeneza ngoma, aliyeiazima jana yake. Milembe alitupa kisu akakimbia.

Kiti cha baiskeli ile kilikuwa cha ngozi. Kilipokuwa kipya kilikuwa kigumu kama ubao. Mumewe alikijaribu mara moja, akashuka akitembea kama bata, akasema baiskeli ni ya mkewe. Milembe alikilainisha mwenyewe. Aliyeyusha mafuta ya kondoo na nta, akakipaka kidogo tu, hasa upande wa chini, kisha akakifuta. Alikwenda nacho safari fupi fupi, kisimani na mashineni, mpaka ngozi ikabonyea pale alipokalia. Mvua ikija alikifunika. Kikilowa, alikikausha kivulini, hata kama kazi zilimsubiri. Msimu mzima ulipita ndipo akaweza kwenda mbali bila kuumia.

Alimkuta Jidayi amechuchumaa motoni na kiti mikononi. Kilikuwa kimelala mvuani kikalegea, naye akafanya anachofanya ngoma yoyote ikilegea: alikipasha moto.

"Sikiliza, shemeji," alisema, akikigonga kwa vidole. "Kinalia!"

Kililia kweli.

"Nani kakwambia nataka kukicheza?"

"Si kimekaza?"

"Kifunge haraka. Limi anaumwa."

Jidayi alichukua spana, akakifunga. Milembe akapanda, akakata mbuga. Kabla hajafika shuleni, ngozi iliyokaushwa kwa moto ilipasuka kutoka mbele hadi nyuma, akabaki amekalia chuma. Alivua khanga ya juu akaizungushia hapo, ikateleza. Akasimama juu ya pedeli mpaka shuleni.

Kutoka shuleni ilikuwa kazi zaidi. Limi alikaa kwenye keria, kichwa kikimwanguka. Milembe akisimama, baiskeli iliyumba na mtoto akateleza. Akikaa, chuma kilimchoma. Mwishowe alishuka, akamfunga Limi kwa khanga ile ile asidondoke, akasukuma. Jua lilikuwa linakwenda. Hakulia, kwa kuwa kulia kungemchelewesha.

Walipofika, nesi alikuwa ameshafunga kufuli. Alimtazama Limi mara moja, akalifungua tena. Alimpima, akampa dawa palepale, akawakalisha mpaka homa ikaanza kushuka.

Jioni hiyo ugali na mlenda viliwekwa katikati. Limi alikunywa uji, akaomba tena. Bibi Kwangu, mama mkwe wa Milembe, alihesabu vichwa kama kawaida yake kabla ya mtu kunawa. Walikuwa wote, na Jidayi zaidi, amekaa karibu na mlango.

"Sogea ule, wewe," Bibi Kwangu alimwambia mwanawe. "Hujafukuzwa."

Jidayi akasogea. "Shemeji, kiti nitakiwamba upya. Ngozi ninayo."

"Kiwambe. Kukilainisha nitalainisha mimi, na kikishakuwa tayari kitalala ndani. Baiskeli njoo uchukue siku yoyote."

"Sasa nitakalia nini?"

"Kalia ngoma."

Walicheka wote, na Jidayi naye, mkono wake ukiwa tayari kwenye ugali.

Na tangu siku hiyo, baiskeli za Mwamalole huazimwa bila kiti. Mwenyewe huchukua spana, hufungua nati, hukiingiza kiti ndani, ndipo hukukabidhi baiskeli, na hakuna anayenuna. Mgeni akikutana njiani na mtu mwenye kiti kwapani, humpa pole akidhani kaibiwa baiskeli. Mwenyeji humuuliza tu anakwenda kuazima kwa nani.