Jina la Kanga ya Mwanatumu

Sogeeni karibu, na mwenye ubishi asogee zaidi, maana hadithi hii haikuletwa kwa ajili ya kulalia. Itatugombanisha kidogo, kisha tutapatana.

Mjini Tanga palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Chausiku alikuwa na pua ya kunusa uongo. Aliuza mitumba sokoni kwa miaka mingi, akajifunza kwamba anayesifu sana nguo yako hana nia ya kuinunua. Fundi Mhina alikuwa na subira. Angeweza kukaa na redio mbovu mpaka redio yenyewe ione haya, iimbe. Wa tatu alikuwa Saumu, na kipawa chake watu walikiita ugonjwa: hakujua kutupa kitu. Nyumbani kwake kulikuwa na vifuniko vya chupa zilizovunjika zamani na chaja za simu ambazo hakuna anayezikumbuka.

Sasa yuko Mwanatumu, jirani wa Chausiku, mteja wa Mhina, na wifi yake Saumu, maana Saumu ni dada wa mumewe. Mwanatumu alikuwa msafi. Nisipoeleza mtadhani ni usafi wa kawaida. Huyu alikuwa akimaliza kufagia uwanja, anaufuta vumbi ufagio. Akienda kwa wifi yake alikalia ncha ya kiti, na akirudi husema, "Kwa Saumu hata panya huuliza njia." Maneno hayo yalimfikia Saumu, naye akayaweka pamoja na vitu vyake vingine.

Mwanatumu alikuwa mshonaji. Kwa miaka alipinda kanga za watu, na kila alipopata nafasi alikaa kwenye kompyuta kuchora kanga yake mwenyewe. Pindo lake lilikuwa la vikuba vya asumini, vile vishada vya maua ya kujipambia, na katikati, pale penye mji, alichora sinia la maua. Hatimaye kiwanda kimoja kikakubali kuichapa, kwa sharti michoro ifike Ijumaa. Ikichelewa, nafasi anapewa mwingine. Siku aliyopata habari hizo alilia kwa furaha, akafua mapazia yote.

Jumatano asubuhi alipofungua kompyuta, dirisha jekundu liliruka mbele yake. Liliandikwa: "Mpendwa, kompyuta yako ni chafu sana. Uchafu mwingi umeonekana. Safisha sasa bure."

Mimi na wewe labda tungelifunga tukaendelea na shughuli zetu. Lakini kumwambia Mwanatumu kwamba ana kitu kichafu ndani ya nyumba yake! Aliona haya, kama mtu aliyekutwa na wageni kabla hajadeki. Akabonyeza palipoandikwa "Safisha vyote".

Programu ikajikaribisha. Ilionyesha uchafu, na kadiri ilivyosafisha, uchafu ukaongezeka. Kompyuta ikawa nzito. Alipotafuta michoro yake hakuiona, si mji wala pindo. Kisha yakaja maneno mengine: ili kumaliza usafi na kurudishiwa vitu vyako, weka namba ya kadi ya benki na namba ya siri. Mwanatumu akaenda kuchukua kadi, ile ile yenye fedha za kutanguliza kiwandani.

Hapo Chausiku akaingia kuazima mbuzi ya kukunia nazi.

"Shoga, kadi ya nini asubuhi yote hii?"

"Nasafisha kompyuta. Imejaa uchafu, na kumbe mimi sijui."

Chausiku akainama akasoma. Kompyuta hakuijua, lakini watu aliwajua. "Huyu mpendwa ndiye wewe? Anayekuita hivyo anakujua?"

"Ni kompyuta tu, Chausiku."

"Hakujui, anakuita mpendwa. Anakutisha, kisha anajitolea kukuokoa, kisha anataka namba ya siri. Sokoni mtu kama huyo tunamkagua mifuko." Akampokonya kadi, akaitia kifuani mwake, na akachomoa modemu kama mtu anayeng'oa gugu.

Fundi Mhina aliitwa, akaja, akakaa. Aliiondoa programu ile, lakini alipowasha kompyuta, ikarudi na kusema, "Karibu tena, mpendwa." Hakutukana. Aliizima, akaiwasha kwa ile njia ya dharura inayowaacha wageni nje, akaiondoa tena, kisha akawafuata watoto wa programu ile. Mmoja alijificha kwenye kivinjari, mwingine alikuwa amepangiwa kuamka kila kompyuta inapoamka. Akabadilisha maneno yote ya siri, akapitisha programu ya kukinga virusi anayoiamini. Chakula kilipakuliwa kikapoa.

Alasiri akasema, "Dada, imetoka. Mji wa kanga yako nimeupata, ilikuwa imeuficha ili ulipie. Lakini pindo imelifuta kweli. Nimelitafuta kila ninapojua." Kisha, kwa upole, "Siku nyingine ukipigiwa kelele hivi, usibonyeze kitu. Kompyuta ikikusumbua kweli, niite."

Mwanatumu alikaa chini sakafuni, na sakafu ilikuwa haijafagiwa. Pindo lile lilimchukua miezi. Hakuna mkono ambao ungelichora upya mpaka Ijumaa.

Saumu alisikia msiba huo kwa kaka yake. Asubuhi yake akaja na kopo la biskuti, akalifungua na kuchakura kati ya vishikizo na funguo zisizo na makufuli, akatoa flashi.

"Wifi, hii uliniambia nikakutupie jalalani. Ulisema imejaa."

Wakaichomeka. Pindo lilikuwamo, kikuba kwa kikuba, kama alivyolimaliza.

"Mbona hukuitupa?"

"Na mimi nimewahi kutupa nini?"

Mwanatumu akamkumbatia wifi yake katikati ya chumba, akalia mpaka bega la Saumu likalowa. "Ahsante, wifi. Ahsante. Sina neno lingine."

Mchana huo, michoro ikiwa imeshatumwa kiwandani, alipika pilau, akawaita wote watatu. Moyo ulikuwa umemjaa, na moyo ukijaa, ulimi hukimbia. "Sina zawadi inayolingana na mlichonitendea," akasema. "Lakini kanga yangu bado haina jina. Aliyeiokoa ndiye atakayeipa."

Wakala. Kisha Chausiku akanawa mikono.

"Jina ninalo. ANITISHAYE ILI ANISAIDIE, SIMTAKI. Wanawake walisome wanusurike. Na bila mimi, fedha zingekwenda, na michoro hata ingepatikana isingechapwa."

"Ni kweli," akasema Mhina. "Lakini ulipochomoa modemu, mwizi alikuwa bado ndani. Mimi ndiye niliyemtoa na kuurudisha mji, na bila mji hakuna kanga." Akaangalia sahani yake. "Mama yangu alinifundisha utulivu, na sijapata kumpa kitu ambacho watu watakiona. Ningeandika: MAMA, SUBIRA YAKO NDIYO ILIYONILEA."

Mwanatumu alitaka kumpa palepale. Lakini Saumu alikuwa anamtazama.

"Kanga bila pindo ni kitambaa cha kufungia maandazi," akasema Saumu polepole. "Kulinda amelinda Chausiku, kutafuta ametafuta fundi. Pindo lilikuwa kwangu. Jina langu ni hili: MLICHOKICHEKA NDICHO KILICHOWAFAA."

Hakuna aliyeuliza jina hilo linamlenga nani. Kanga ile ingevaliwa Tanga nzima, na Mwanatumu angelisoma neno hilo kila atokapo mlangoni.

Simu ikaita. Alikuwa mtu wa kiwandani. "Mama, mji umefika, pindo limefika. Jina tu ndilo tunalosubiri, na kesho mashine inawashwa."

Mwanatumu akawatazama watatu wale, na aliwapenda wote kwa kipimo kimoja. Kanga ina jina moja.

Haya, mimi nimemaliza, kazi ni yenu. Yupo aliyekinga, yupo aliyetoa, yupo aliyehifadhi. Mmoja akikosekana, kanga haipo. Je, wewe ungeamua vipi? Anayetaka kumpa Chausiku, amwambie Mhina ana kwa ana. Anayetaka kumpa Mhina, amtazame Saumu machoni. Na wewe unayenong'ona hapo nyuma kwamba haki ni ya Saumu, kwanza tuambie: kanga hiyo ungeivaa?