Mlio wa Menza

Paukwa!

Pakawa!

Nasikia sauti tatu tu. Wengine mmeshalala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani, bibi yake bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji chenye ua wa miiba na lango moja. Langoni ilining'inia pembe ya nyati yenye milio miwili. Mlio mrefu, puuuuu, puuuuu: njooni mle, kuna harusi. Mlio wa kukatakata, pu-pu-pu, pu-pu-pu: wanyang'anyi wanakuja, watoto pangoni, wanaume langoni.

Mwaka huo mlinzi mkuu wa lango akafa. Na mavuno yalikuwa yamekaribia, wakati ambao wanyang'anyi huja.

Jumbe Mwambire akaita wazee. "Nimemchagua shemeji yangu Menza."

Menza alikuja na dada yake siku dada alipoolewa na jumbe. Kijana mtanashati, mafuta mwilini, mkuki wa kuchezea ngoma. Zamu langoni hakuwahi kushika hata moja. Wazee wakasema mmh, mmh, vyema. Nani atamkatalia jumbe na pombe yake bado iko kinywani?

"Mimi sikubali."

Ni Bibi Mbodze huyo, mziba ua, mikono yote mikwaruzo ya miiba. Kijiji cha jirani walimpa lango mtu wa namna hiyo, na mjukuu wake Bibi Mbodze akachukuliwa huko na wanyang'anyi. Hakuonekana tena.

"Bibi, una nini na shemeji yangu?"

"Sina neno naye, mwanangu. Ngoma anaijua. Lango halijui."

"Anayepinga neno la jumbe hufungasha akahama. Unajua?"

"Najua. Mkeka wangu huu hapa, nimeukunja tangu asubuhi. Nikikosea, jua halitatua nami nipo. Lakini kwanza apulize mlio wa hatari, tuone watu watakuja na nini."

Menza akacheka. "Pembe tu? Nimeisikia kwenye harusi ngapi!"

Angeweza kuuliza. Tunje, aliyelinda lango pamoja na marehemu miaka saba, angemwonyesha. Hakuuliza. Akafuta mdomo, akavuta pumzi.

Puuuuuuu! Puuuuuuu!

Tamu, jamani, nisiseme uongo. Tamu mno.

Wanawake wakaja kutoka mashambani, vigelegele li-li-li-li! Wazee wa mikongojo wakaja, haraka kuliko siku zote. Watoto wakaja na mabakuli. Hata Tunje aliyekuwa kisimani akaja mbio, mkuki ameuacha huko huko, mikono ameshanawa.

"Nani anaoa?" akauliza.

Wazee wakatazama chini.

Kitinda mimba wa jumbe, Kadzo, akapenya katikati ya watu. Akasimama pale langoni na bakuli lake.

"Baba, nyama iko wapi?"

Jumbe alimtazama mtoto. Akatazama njia nyuma yake, nyeupe, tupu, lango wazi.

"Bibi," akasema, "nusura nituue."

"Hujatuua, mwanangu. Mpe Tunje pembe."

Akampa. Menza mwenyewe akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Afadhali," akasema. "Nilikuwa naogopa, na nilikosa wa kumwambia."

Siku ya tisa wanyang'anyi wakaja. Tunje akapuliza, pu-pu-pu, pu-pu-pu! Kwaa, lango likafungwa. Watoto, pangoni. Wanaume, langoni. Wageni wale wakazunguka ua, wakachomwa na miiba ya Bibi Mbodze, aii, aii, wakarudi walikotoka na njaa yao.

Wakaita watoto mmoja mmoja kutoka pangoni. Hakukosekana hata mmoja. Wanawake walikaa chini pale pale wakalia kwa raha.

Ndipo jumbe akachinja ng'ombe, akasema, "Menza, shemeji yangu, sasa puliza."

Puuuuuuu! Watu wakaja na mabakuli yale yale. Kadzo akapata nyama yake. Na Bibi Mbodze akaufungua mkeka, akautandaza kivulini, akalala usingizi wa mchana hadi akakoroma.

Tangu siku hiyo watu wa kijiji kile husema: shemeji mpe nyama, lango mpe anayelijua.

Yangu yamekomea langoni. Aliye ndani na afunge.