Mguu wa Tajiri Kiangi

Sogeeni hapa karibu na moto, na mwenye karanga mdomoni azimeze kwanza, maana kisa hiki hakitaki kelele.

Bi Nakijwa alichoma mahindi kando ya lami, pale watoto walipovukia kwenda shule. Tajiri Kiangi alipita hapo na gari lake kila asubuhi kama anafukuzwa, mpaka siku alipomkosakosa kumgonga mjukuu wa bibi. Akasimama, lakini si kwa kutoa pole.

"Bibi, hamisha jiko lako na hao watoto wako. Barabara ni ya magari."

"Nitahama, baba. Ila kesho pita hapa mbio kama leo. Ukiweza, nahama. Ukishindwa, utapita polepole maisha yako yote."

Kiangi akacheka. "Nimekubali. Nani wa kunizuia, wewe?"

"Mimi sina nguvu hizo. Mguu wako mwenyewe utakukatalia."

Kesho yake Kiangi akaja kwa kishindo. Gari la kwanza alilopishana nalo likamwashia taa. La pili nalo likamwashia. Dereva wa lori akatoa mkono dirishani, akaushusha taratibu. Kiangi akajua kuna trafiki mbele na tochi yake ya kupimia mwendo. Akakanyaga breki, akafunga mkanda, akapita penye jiko akitambaa kama kinyonga.

"Bibi, trafiki kajificha wapi?"

"Trafiki gani, baba? Madereva niliwapa mahindi ya bure, nikawaomba wakikutana na gari lako wakusalimie kwa taa."

Watoto wakabaki na njia yao ya kuvukia. Kiangi akabaki na gia ya pili kila apitapo hapo, mpaka alipokufa.