Umri wa Kofia ya Manyoya

Mama Eufrasia, tajiri ambaye hakuna aliyethubutu kumbishia pale Tabora, aliiona kofia ya manyoya kichwani mwa Nyamizi harusini, akaitamani.

"Vua! Hiyo ni yangu, iliibwa nikiwa msichana."

Nyamizi aliivua kwa adabu, akapapasa ukingo wake mbele ya wageni.

"Shikamoo tena, mama. Sikujua umekula chumvi nyingi hivi! Kofia za ukingo kama huu ziliacha kushonwa miaka sabini iliyopita. Kumbe unakaribia tisini?"

Wageni wote waligeuka kumtazama Mama Eufrasia, ambaye mwezi uleule alikuwa amesherehekea kutimiza hamsini.

"Nimeifananisha tu," alisema haraka. "Si yangu hata kidogo!"

"Haidhuru, mama," alijibu Nyamizi, akaivaa tena kofia aliyoishona mwenyewe wiki iliyopita.