Mtoto wa Pikapu Aitwe Nani?

Sogeeni tusikizane. Kisa hiki kimetoka milima ya Rungwe, na mimi mwenyewe kimenishinda. Anayejua kukata shauri asisinzie.

Kijijini Lukamba walikuwepo watu watatu. Mwalimu Ipyana wa kwaya alijaliwa sikio: waimbaji arobaini wakiimba, alimjua aliyekosea, na alimtaja kwa jina hadharani. Bibi Ambwene, mkunga, alijaliwa kiganja: akikigusisha tumboni, alikuambia mtoto kalalaje. Fundi Lugano, seremala, alijaliwa pua. Mfumbe macho, mpe kibanzi, atakutajia mti.

Kijiji kilijichanga kikanunua gari, pikapu kuukuu, la kuwapeleka wajawazito hospitali. Kabla ya hapo walibebwa kwa machela, na wengine hawakufika. Wiki ya kwanza gari lilitulia. Wiki ya pili likaanza kulia, ng'uuu, ng'uuu, mpaka dereva Anyosisye akawa anaimba kwa sauti ili abiria wasisikie. Walisikia. "Kuna mtu alifia humo," wakanong'ona. Fundi gari wa sokoni hakufungua hata boneti. Alisema gari limekufa, liuzwe chuma chakavu. Wakakubaliana liuzwe Jumatatu. Tupokigwe, mke wa dereva, mimba yake ya miezi tisa, akaitazama machela ukutani akalia.

Jumamosi Mwalimu Ipyana akapanda garini. "Washa, usiweke gia. Sasa kanyaga klachi." Mlio ukakatika. "Achia." Ukarudi. Akarudia mara tatu, kisha akacheka. "Mzimu gani huu unaoogopa klachi? Injini nzima kabisa. Kinacholia kimo ndani ya giaboksi."

Sawa, lakini ndani ya giaboksi mna vyuma chungu nzima. Bibi Ambwene akajifunga kanga kiunoni, akatandika gunia, akaingia uvunguni gari likinguruma.

"Bibi, utaungua!" akalia Anyosisye.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Hata wewe nilikupapasa hivi hivi." Akapapasa nyuma, akapapasa katikati, akafika mbele. "Huko nyuma kumetulia. Panapotetema ni hapa mbele." Fundi gari akaitwa, akafungua hapo hapo. Beringi ya mbele ilikuwa imekwisha. Akaenda kutafuta nyingine.

Aliporudi nayo kesho yake, Fundi Lugano alikuwa amechovya kidole kwenye oili iliyomwagwa. Akanusa. "Mpaini," akasema.

"Oili ya mpaini?" akauliza fundi gari.

"Unga wa mbao! Aliyewauzia aliutia humu ili kuzima kelele, nao umeziba njia za oili. Mkifunga beringi mpya bila kuusafisha, haitamaliza siku tatu." Wakaosha giaboksi kila pembe, wakatia oili safi.

Jumatatu, siku ya kuuzwa, Tupokigwe akashikwa na uchungu. Mvua ilikuwa inanyesha na mlima umelowa. Mnunuzi wa chuma chakavu aliyekuwa anakuja kulichukua gari ilibidi aruke mtaroni kulipisha! Gia ya pili, gia ya tatu, kimya. Anyosisye hakuwa na cha kuficha tena, lakini aliimba hata hivyo, mpaka mlango wa hospitali. Akazaliwa binti, mama mzima, mtoto mzima. Lukamba walipiga vigelegele mpaka jioni.

Kisha Tupokigwe akasema, "Mwanangu ataitwa jina la aliyeliponya gari. Jina ni moja tu, haligawanywi kama nyama." Kwao majina yote matatu yanamfaa mtoto wa kike.

"Bila sikio langu," akasema Mwalimu Ipyana, "mngekuwa mnafukuza mzimu."

"Bila kiganja changu," akasema Bibi Ambwene, "Jumatatu ingewakuta bado mnafunguafungua vyuma."

"Bila pua yangu," akasema Fundi Lugano, "lisingemaliza siku tatu."

"Lakini Jumatatu ilikuwa siku ya pili!" akadakia Mwalimu.

"Na mama atakayejifungua mwezi ujao?" Fundi akamjibu.

Jumapili mtoto anabatizwa. Mchungaji atachota maji, atamtazama mama, atauliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?" Tupokigwe hajui, na ameniomba niwaulize ninyi. Haya, wewe uliyekaa hapo mbele: ungeamua vipi? Na wewe unayemcheka, ungemjibu mchungaji jina gani?